Maswali ya Wasomaji: Johnny Williams na siku tano za Julai 1916

Katika toleo lililopita msomaji mmoja alituuliza kwa nini watu wa Wales wanaipenda raga kiasi kile, na katika kumjibu tulimtaja kwa sentensi moja Johnny Williams, winga wa timu ya taifa ya Wales kati ya mwaka 1906 na 1911, aliyekufa kwa majeraha aliyoyapata katika mapigano ya Somme, kaskazini mwa Ufaransa, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Sentensi hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko jibu lote lililobaki, kwa hiyo safu ya mwezi huu tumeitoa kwake. Tahadhari moja kabla hatujaanza: Kiswahili chetu cha kila siku huwaita Waingereza watu wote wa visiwa vile, lakini katika raga Wales, England, Scotland na Ireland ni timu nne mbalimbali, tena zenye ushindani wa tangu jadi, na habari hii haieleweki kwa mtu anayezichanganya.

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Mimi hufundisha raga katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wamesoma mahali kwamba wachezaji wawili wa Wales, Johnny Williams na Dick Thomas, walivaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza siku moja, na miaka kumi baadaye wakauawa vitani siku moja. Nimewaambia kwamba hizo ni hadithi za kunogesha mchezo. Je, nimekosea? — Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, tuseme kila upande umeshika nusu yake. Nusu ya kwanza ya habari ya wanafunzi wako ni kweli. Tarehe 1 Desemba 1906 Wales ilicheza na Afrika Kusini katika uwanja wa St Helen's mjini Swansea, na miongoni mwa walioichezea Wales kwa mara ya kwanza siku hiyo walikuwamo winga John Lewis Williams, ambaye kila mtu alimwita Johnny, na Dick Thomas, mchezaji wa mbele, yaani mmoja wa wale wanane wanaosukumana katika skramu. Haikuwa siku ya furaha. Wales, ambayo mwaka mmoja tu kabla ya hapo ilikuwa imeishinda New Zealand 3-0 mjini Cardiff na kujiona haina mpinzani duniani, ilifungwa 11-0 mbele ya watu wake.

Nusu ya pili ndiyo inayotaka kusahihishwa. Tarehe 7 Julai 1916 wote wawili walikuwa katika kikosi kimoja, Batalioni ya 16 ya Welsh Regiment, iliyojulikana kama Batalioni ya Jiji la Cardiff, na wote wawili walitoka katika shambulio lile lile la kuelekea msitu wa Mametz, kaskazini mwa Ufaransa. Thomas aliuawa siku hiyo. Williams alipigwa mguuni, akapelekwa nyuma hadi hospitali ya jeshi huko Corbie, akakatwa mguu, na akafariki tarehe 12 Julai akiwa na umri wa miaka 34. Wasimuliaji wengi huzimeza siku hizo tano ili hadithi yao ikae sawa: walianza pamoja, wakaondoka pamoja. Mimi naona si haki. Huyu alikuwa mtu aliyejulikana kwa miguu yake tangu ujana, na siku tano za kulala kitandani bila mguu mmoja si kitu cha kurukwa kwa ajili ya uzuri wa sentensi.

Kama unataka jambo la kuwaeleza wanafunzi wako, waeleze jinsi watu hao wawili walivyotofautiana. Williams alizaliwa tarehe 3 Januari 1882 huko Whitchurch, ambacho wakati ule kilikuwa kijiji kaskazini mwa Cardiff, akasoma katika shule ya zamani ya Cowbridge, kisha akaingia katika biashara ya makaa ya mawe, biashara iliyoijenga Cardiff na kuifanya bandari inayojulikana na kila nahodha wa meli ya mvuke. Thomas alikuwa askari polisi wa jimbo la Glamorgan, mtu wa mabonde ya migodi, aliyeichezea klabu ya Mountain Ash na kushinda mashindano ya ndondi ya polisi katika uzito wa juu. Kwa wakati ule huko England raga ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mchezo wa waliosoma shule za gharama. Huko Wales jezi moja iliwachanganya daktari, karani, mchimba makaa, kuli wa bandarini na polisi. Tofauti hiyo haikufutika jeshini, kwani Williams alikuwa kapteni na Thomas alikuwa sajenti meja wa kombania, lakini kabla ya vyeo hivyo walikuwa wameshafahamiana kwa miaka kadhaa kama wachezaji wa timu moja. Baada ya Swansea walicheza pamoja tena dhidi ya Ireland mwaka 1908 na dhidi ya Scotland mwaka 1909.

SWALI: Mimi si shabiki wa raga, lakini nimezoea kuona watu wakisifiwa kupita kiasi kwa sababu tu walikufa vitani. Huyu Williams alikuwa mchezaji mzuri kweli, au ni huruma tu? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Swali lako ni la haki, na linajibika kwa hesabu. Aliichezea Wales mechi 17 na kufunga trai 17. Trai, kwa wasioijua raga, ni pale mchezaji anapougusisha mpira ardhini nyuma ya mstari wa wapinzani. Leo hupewa pointi tano, wakati ule zilikuwa tatu, na mechi nyingi za mataifa ziliisha kwa trai moja au mbili tu. Kwa hiyo wastani wa trai moja kwa kila mechi, kwa muda wa zaidi ya miaka minne, ni jambo ambalo mawinga wa leo wenye viwanja vikavu na mipira myepesi wangelitamani. Katika mechi hizo 17 alionja kushindwa mara mbili tu: ile ya Afrika Kusini tuliyoitaja, na nyingine dhidi ya Scotland mapema mwaka 1907. Zilizobaki zote Wales ilishinda. Alikuwamo katika timu iliyowashinda wapinzani wake wote wa Ulaya mwaka 1908, ikarudia mwaka 1909, ikarudia tena mwaka 1911, na wazee wa Wales hadi leo wakisema "enzi za dhahabu" wanazungumzia miaka hiyo.

Hakuwa winga wa kupita katikati ya watu kwa nguvu. Silaha yake ilikuwa hatua ya pembeni: anakimbia kwa kasi ukingoni mwa uwanja, beki anajipanga kumsukumia nje ya mstari, na katika ule wakati beki anapoweka uzito wake kwenye mguu mmoja Johnny amekwisha kukata ndani, na beki anabaki ameukumbatia upepo. Mfano unaosimuliwa zaidi ni wa tarehe 1 Januari 1907, mwezi mmoja kamili baada ya kipigo cha Swansea, wakati klabu yake ya Cardiff ilipokutana na wale wale Waafrika Kusini kwenye uwanja uliolowa matope na kuwashinda 17-0. Moja ya trai za siku hiyo ilikuwa yake. Alikuta amebaki mtu mmoja mbele yake, beki wa mwisho Arthur Marsburg, akamwacha amesimama, akafunga. Na masimulizi ya klabu yanasema kwamba Marsburg, badala ya kuinamisha kichwa, alimfuata na kumpa mkono. Nimeona mechi nyingi maishani, na ukiondoa salamu za baada ya kipyenga cha mwisho, sikumbuki kumwona beki aliyemfuata mfungaji kumpongeza huku mchezo ukiendelea.

Alikuwamo pia katika mechi ya ajabu ya Januari 1908 mjini Bristol, ambapo Wales iliishinda England 28-18 katika ukungu mzito kiasi kwamba watazamaji walilipa kiingilio wakaishia kusikiliza kelele za wachezaji bila kuwaona. Mwaka huo huo alisafiri na timu ya pamoja ya England na Wales kwenda New Zealand na Australia, baada ya Scotland na Ireland kukataa kutoa wachezaji, akacheza mechi mbili dhidi ya timu ya taifa ya New Zealand. Huko mambo hayakuwaendea vizuri wageni: katika mechi tatu walipata sare moja na kufungwa mbili, na mbili zenyewe kwa pointi nyingi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, huruma haina kazi hapa. Lau Johnny Williams angekufa mzee kitandani, jina lake bado lingekuwa katika vitabu vya raga ya Wales.

SWALI: Nasikia aliwahi kuwa nahodha wa Wales kwa sababu tu alijua Kifaransa. Ni kweli, au ni mzaha? — Msomaji, Bujumbura

JIBU: Ni kweli, na sisi tuliozoea kuona lugha zikiwafungulia watu milango hatupaswi kushangaa. Nahodha wa Wales msimu wa 1911 alikuwa Billy Trew wa Swansea. Wales ilipokwenda Paris kucheza na Ufaransa tarehe 28 Februari 1911, Trew aliachia unahodha kwa mechi hiyo moja akampa Williams, kwa kuwa Williams alikizungumza Kifaransa na angeweza kusema na wenyeji inavyostahili. Wales ilishinda 15-0. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Machi, akiwa amerudi kuwa winga wa kawaida, alicheza dhidi ya Ireland mjini Cardiff, Wales ikashinda 16-0 na kukamilisha ushindi wa mechi zote za msimu, na hiyo ndiyo ikawa mechi yake ya mwisho ya taifa. Alikuwa na miaka 29.

SWALI: Alikuwa na jina, alikuwa na biashara, tena umri ulikuwa umesogea. Nani alimlazimisha kwenda vitani? Na hiyo "Batalioni ya Jiji" ni kitu gani? — Mama wa watoto watatu, Cardiff

JIBU: Mama, hakulazimishwa na mtu, angalau si kwa sheria. Vita vilipoanza Agosti 1914 jeshi la Uingereza lilikuwa la watu wa kujitolea, na sheria ya kuwaandikisha wanaume kwa lazima ilipitishwa Januari 1916 tu. Hapa kuna tofauti kubwa na vita hivyo hivyo kama vilivyofika kwetu, ambako mamia ya maelfu ya watu walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi bila kuulizwa, na kumbukumbu yao kubwa katika Kiswahili imebaki kuwa jina la mtaa na soko, Kariakoo. Williams alijiandikisha mwenyewe mwaka ule ule wa 1914 akiwa na miaka 32.

Ila kujitolea nako kuna msukumo wake. Serikali iligundua mapema kwamba mwanamume huandikishwa kwa urahisi zaidi akiahidiwa kwamba atapigana bega kwa bega na wenzake wa nyumbani, na hapo ndipo zilipozaliwa batalioni za miji, za viwanda, za mitaa, hata za watu wa kazi moja. David Lloyd George, mwanasiasa mkubwa wa Wales ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha, alitaka zaidi ya hapo. Alitaka Wales iwe na jeshi lake. Jeshi kamili halikupatikana, lakini ilipatikana divisheni moja, yaani kikosi kikubwa chenye batalioni nyingi, ya 38, na ndani yake Batalioni ya Jiji la Cardiff ikaingia kama ya 16 ya Welsh Regiment. Walifanya mazoezi kwa muda mrefu huko Wales na kisha kusini mwa England, wakavuka bahari kwenda Ufaransa Desemba 1915.

Wewe unayeishi Cardiff utaelewa ubaya wa mpango huo kuliko mimi ninayeuandika. Batalioni iliyokusanywa mji mmoja ikipigwa asubuhi moja, mji mmoja hupokea taarifa zote za vifo. Wanamichezo walikuwa wengi ndani yake kwa sababu hiyo hiyo: mchezaji maarufu akijiandikisha, mashabiki na wachezaji wenzake humfuata. Kama Williams mwenyewe aliufikiria uzito wa jina lake kwa vijana waliosimama nyuma yake kwenye foleni, sina namna ya kuingia moyoni mwake nikuambie.

SWALI: Nimesoma juu ya msitu wa Mametz lakini sijaelewa kwa nini siku ya kwanza wale wa Wales walishindwa kabisa kuufikia. Je, walikuwa waoga, kama majenerali wengine walivyodai? — Mwanajeshi mstaafu, Tanga

JIBU: Afande, wewe utaelewa jibu hili upesi kuliko wasomaji wengine, kwa hiyo niwie radhi nikieleza mambo unayoyajua.

Mapigano ya Somme yalianza tarehe 1 Julai 1916. Wiki ya kwanza ilipomalizika, upande wa kusini wa uwanja huo jeshi la Uingereza lilikuwa limesogea mbele, na kati yake na ngome ya pili ya Wajerumani ulisimama msitu wa Mametz, mkubwa kuliko misitu yote ya eneo hilo la mapigano, wenye miti minene na vichaka ambavyo havikuwa vimefyekwa tangu vita vianze. Divisheni ya 38 ya Wales ilipewa kazi ya kuuchukua. Askari wake wengi hawakuwa wamewahi kushiriki shambulio kubwa; miezi yao ya Ufaransa ilikuwa ya kukaa kwenye mahandaki na kufanya uvamizi mdogo wa usiku.

Shambulio la tarehe 7 Julai liliongozwa na batalioni mbili, ya 16 ya Welsh Regiment na ya 11 ya South Wales Borderers, zikitokea mashariki kuelekea sehemu ya msitu iliyojitokeza nje kwa umbo ambalo Waingereza waliliita Kichwa cha Nyundo. Tazama ramani, afande, utaona tatizo mara moja. Mtu anayekwenda msituni kutoka mashariki hana budi kupita mteremko mtupu, na ubavu wake wa kulia unabaki wazi kwa vichaka viwili vidogo ambavyo navyo vilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Mbele kuna bunduki za rashasha, ubavuni kuna bunduki za rashasha. Mpango ulitegemea moshi wa kuuficha ubavu huo usionekane, na moshi haukuja.

Saa mbili na nusu asubuhi wakatoka. Risasi zikawapokea kutoka mbele na kutoka kulia, mistari ikalala chini mita mia kadhaa kabla ya kufika kwenye miti. Wakaamriwa kujaribu tena, matokeo yakawa yale yale. Mvua ikanyesha, ardhi ikawa tope, waya za simu zikakatwa na makombora, kiasi kwamba amri iliyotoka nyuma ilifika mbele ikiwa imeshapitwa na wakati. Brigedia Jenerali Horatio Evans, kamanda wa brigedi iliyokuwa na batalioni hizo mbili, hakuuridhia mpango huo tangu mwanzo, kwa sababu yeye aliiona ardhi kwa macho yake na waliomwamuru waliiona kwenye karatasi. Hadi jioni hapakuwa na mtu wa Wales aliyeingia msituni. Katika saa hizo ndimo alimouawa Dick Thomas na kujeruhiwa Johnny Williams.

Sasa nije kwenye tuhuma. Makamanda wa juu walisema divisheni haikushambulia kwa moyo, na tarehe 9 Julai mkuu wake, Meja Jenerali Ivor Philipps, akaondolewa. Alfajiri ya tarehe 10 divisheni hiyo hiyo ikatumwa tena, safari hii kwa nguvu kubwa zaidi na kutokea kusini, ikaingia msituni, ikapigana humo mti kwa mti siku mbili, mara nyingi kwa singe, kwa kuwa katika vichaka vile ilikuwa vigumu kumwona adui hata akiwa hatua chache mbele yako. Tarehe 12 Julai msitu ulikuwa umesafishwa. Gharama ilikuwa watu wapatao 4,000 wa divisheni hiyo, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Mimi si mwanajeshi, lakini nikiitazama hesabu hiyo siwezi kulitumia neno woga, na nadhani walioitoa tuhuma ile walikuwa wakitafuta mahali pa kuuweka mzigo wa mpango wao wenyewe.

Utakuwa umeiona tarehe. Msitu ulichukuliwa siku ile ile Williams aliyokufa Corbie, kilomita zipatazo ishirini nyuma ya mstari wa mbele. Kama habari ilimfikia, hakuna aliyeiandika.

SWALI: Wachezaji wa Wales waliokufa katika vita hivyo walikuwa wangapi kwa jumla? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Waliokuwa wameichezea timu ya taifa na wakafa wakiwa jeshini wanahesabiwa 13. Wa kwanza alikuwa Charles Taylor, mhandisi wa jeshi la maji, aliyeuawa ndani ya meli ya kivita ya Tiger katika mapigano ya Dogger Bank, kwenye Bahari ya Kaskazini, tarehe 24 Januari 1915. Mwenye umri mkubwa alikuwa Richard Garnons Williams, ambaye hana udugu na Johnny. Huyu alicheza mechi ya kwanza kabisa ya Wales mwaka 1881, na aliuawa Loos nchini Ufaransa mwaka 1915 akiwa luteni kanali mwenye miaka 59, umri ambao wengi wetu tunakuwa tumeshaanza kulalamikia magoti. Charlie Pritchard wa Newport, mmoja wa walioishinda New Zealand mwaka 1905, alijeruhiwa katika uvamizi wa usiku na kufariki Agosti 1916, mwezi mmoja baada ya Mametz. Dai Westacott, kuli wa bandari ya Cardiff aliyeichezea Wales mara moja tu, aliuawa karibu na Ypres nchini Ubelgiji mwaka 1917. Phil Waller, aliyekuwa amehamia Afrika Kusini na kuingia katika jeshi la mizinga la huko, aliuawa karibu na Arras, Ufaransa, Desemba 1917 akiwa njiani kuanza likizo yake.

Idadi hiyo utaikuta ikitofautiana, na sababu mojawapo ni ya aibu kidogo. Fred Perrett alifariki kwa majeraha tarehe 1 Desemba 1918, vita vikiwa vimeshasimama, na zaidi ya hapo alikuwa amehamia raga ya kulipwa ya kaskazini mwa England, kosa ambalo viongozi wa raga ya ridhaa hawakulisamehe kwa urahisi. Ndiyo maana baadhi ya orodha huishia 12.

SWALI: Naishi Brussels, na nina mpango wa kupita Somme na wanangu mwezi wa saba. Je, Williams ana kaburi? Na Thomas? — Baba, Brussels

JIBU: Williams ana kaburi. Lipo Corbie, mji mdogo mashariki ya Amiens kando ya mto Somme, katika sehemu ya makaburi ya kijeshi iliyoongezwa kwenye makaburi ya mji. Waingereza huiita Corbie Communal Cemetery Extension, na ni jina hilo utakalolihitaji ukiuliza njia. Ni mahali padogo, hapana umati wa watalii. Makaburi yamepangwa safu kwa safu, mawe meupe ya kimo kimoja kwa afisa na kwa askari wa kawaida, kwa hiyo usitegemee kuona jiwe kubwa kwa sababu alikuwa kapteni au kwa sababu alikuwa Johnny Williams.

Kutoka hapo nenda Mametz kwa gari, si mbali. Msitu upo, umeota upya, na mbele yake imesimama sanamu ya joka jekundu, alama ya Wales, ikiwa juu ya nguzo ya mawe, imeugeukia msitu na kuzirarua nyaya za miba kwa makucha. Ilitengenezwa na mhunzi David Petersen na kuzinduliwa Julai 1987, wakati ambapo bado walikuwapo wazee wachache waliopigana pale. Wanao wataipenda. Waache wapande hadi chini ya joka, kisha wageuke wautazame mteremko ulio kati ya sanamu na miti. Hauna hata kichaka cha kujificha nyuma yake, na mtoto wa miaka kumi ataelewa mwenyewe kilichotokea bila wewe kumweleza.

Thomas hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa kwenye mnara mkubwa wa Thiepval, dakika chache kutoka hapo, pamoja na majina zaidi ya 72,000 ya watu ambao miili yao haikupatikana au haikutambulika. Usiende pale ukitafuta neno "Dick", kwa kuwa hilo lilikuwa jina la kuitwa tu, wala usianze kwa kutafuta "Thomas" peke yake, maana watu wa Wales wana majina machache ya ukoo na akina Thomas ni wengi mno. Majina yamepangwa kwa rejimenti, kisha kwa cheo, kisha kwa alfabeti. Tafuta Welsh Regiment, anzia juu ambako kuna maafisa, shuka hadi kwa masajenti meja, ambao ni wachache, na hapo utamwona kabla hujaufikia msururu mrefu wa askari wa kawaida.